Polepole Kutoka Ziwani Hadi Kitale: Mwongozo wa Likizo ya Wawili

Kama wewe na mwenzio mmepata likizo ya wiki moja au siku kumi, na Mombasa mmeshaizoea, elekeeni magharibi. Nazungumzia pembe ile ya nchi iliyo kati ya Ziwa Victoria na Mlima Elgon: Webuye, Bungoma, Kimilili, Kitale, na masoko yaliyo njiani. Wengi hufika huko kwa mazishi, kwa mahari au kwa biashara ya mahindi, kisha hugeuza gari siku hiyo hiyo. Wachache huenda kutembea tu, na hata hao hutaka kumaliza kila kitu kwa siku tatu. Mwongozo huu ni wa watu wawili walio tayari kuliacha gari nyumbani na kulala mahali pamoja mpaka muuza chai wa kona awe anajua nani kati yenu hatumii sukari.

Treni inawafikisha wapi

Ndugu zetu walioko Ulaya huipenda sana likizo ya treni. Mume na mke wanashuka Lyon, wanalala siku mbili, wanapanda tena hadi Avignon au Marseille, na hakuna anayewakimbiza. Reli yetu nayo ilijengwa hadi pembe hii ya magharibi. Ilifika Kisumu mwaka 1901. Katika miaka ya 1920 ikasukumwa kupitia Eldoret, na pale Leseru ikachepuka njia ya kwenda Kitale, iliyofika huko mwaka 1926. Njia kuu ikaendelea kupitia Webuye na Bungoma hadi Malaba na kuingia Uganda. Leo mabehewa ya mizigo bado hupita Bungoma, lakini abiria hana tiketi ya kukata, si Bungoma wala Kitale. Inauma, maana hakuna nchi inayofaa kutazamwa kupitia dirisha la treni kuliko ile.

Kilichobaki kwa abiria ni treni ya usiku ya Nairobi hadi Kisumu, iliyorudishwa Desemba 2021. Anzeni nayo. Haitembei kila siku na ratiba yake hubadilika, kwa hiyo ulizeni Shirika la Reli kabla hamjaomba ruhusa kazini. Kateni daraja la juu ikiwa mfuko unaruhusu. Bebeni shuka nzito, kwa sababu milima ya Mau ina baridi kali usiku, na chakula chenu wenyewe: chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai. Kaeni upande wa kulia. Kukipambazuka mtakuwa mmeshuka kwenye nchi ya miwa, Muhoroni na Chemelil, na upande huo ndiko ukuta wa milima ya Nandi unakoota jua.

Treni ikiwa haipo wiki yenu, pandeni basi la mchana. Msipande la usiku. Basi la usiku linawanyima barabara yote, na ajali nyingi mbaya za njia hii hutokea gizani.

Mchague majira

Trans Nzoia na Bungoma hupata mvua kuanzia Machi au Aprili hadi Oktoba. Haimaanishi msiende. Asubuhi huwa nyeupe na kavu, mvua hushuka alasiri, na mtu anayeamka saa kumi na mbili anamaliza matembezi yake kabla wingu halijakaa. Mkitaka kupanda mlima au kulala hemani, subirini Desemba hadi Februari. Mkitaka kuona Kitale ikiwa Kitale kwelikweli, nendeni Oktoba au Novemba, wakati wa mavuno, mahindi yakiwa yameanikwa kwenye maturubai kando ya barabara na malori yamepanga foleni kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka.

Agosti ina habari yake peke yake. Mwaka wenye tarakimu shufwa, kama 2024 au 2026, ndio mwaka wa tohara kwa Wabukusu, na Bungoma nzima hubadilika. Mtawakuta vijana barabarani wakigonga njuga za chuma, chinyimba, wakienda kualika wajomba na shangazi, nyuma yao msafara wa ndugu na majirani wanaocheza na kuimba. Usiku wa kuamkia siku yenyewe watu hawalali. Alfajiri kijana hupelekwa mtoni, akapakwa tope mwili mzima, akarudishwa uani kwao kusimama wima mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Ni jambo la watu wazima na zito. Kama mmealikwa na familia, nendeni, mkae mnapoonyeshwa, na mke aulize wanawake wa boma mahali pake ni wapi. Kama hamkualikwa, furahieni msafara barabarani, mjitoe njiani, na simu zikae mfukoni. Kumpiga picha kijana aliyepakwa tope bila idhini ya wazee ni kukosa adabu, na mtaambiwa hivyo waziwazi. Jueni pia kwamba vyumba hujaa na nauli hupanda wiki hizo.

Webuye na Bungoma: siku tatu

Kutoka Kisumu pandeni matatu ya Kakamega, kisha ya Webuye. Kakamega ni kilomita kama 50, na kutoka hapo hadi Webuye hazizidi hizo. Steji zina kanuni moja ya kukumbuka mkiwa wawili: makanga atajaza nafasi zilizopo na kuwaambia mkae mbalimbali, mmoja mbele, mwingine kiti cha nyuma katikati ya magunia. Mna haki ya kusubiri gari linalofuata. Subirini. Nusu saa ya kukaa steji mkila njugu si hasara kwa mtu aliye likizoni, na viti viwili vya pamoja dirishani ndivyo vinavyofanya saa mbili za barabara ziwe mazungumzo.

Webuye shukeni. Wengi huupita mji huu wakikumbuka tu kiwanda cha karatasi, kilichofungwa mwaka 2009 na kuacha jeraha kubwa kwa familia nyingi. Lakini nje kidogo ya mji mto Nzoia unaporomoka kwenye miamba ya Nabuyole, ambayo wakoloni waliiita Broderick Falls, jina ambalo mji wenyewe ulibeba kwa miaka mingi. Bodaboda inawafikisha karibu. Hapo hakuna maporomoko ya kumwagika kutoka juu kama pazia. Ni mto mpana uliobanwa na mawe, unaogombana nayo kwa kelele, rangi yake kahawia mbivu baada ya mvua. Mawe yanateleza vibaya. Kaeni juu ya mwamba mkavu, msisogee ukingoni kwa ajili ya picha, na mkubali mtoto wa kijijini awaongoze; mpeni chochote mwishoni.

Juu ya mji kuna mlima wa Chetambe. Mwaka 1895, baada ya kushindwa kule Lumboka, Wabukusu walijikusanya ndani ya ngome yao ya Chetambe na kupigana na jeshi la Waingereza lililokuwa chini ya afisa wao Hobley, likiwa na askari wa Kisudani na washirika wengine wenye bunduki. Watu wengi sana waliuawa. Pandeni asubuhi, na mtafute mzee wa hapo awaonyeshe handaki lilipopita. Bila mzee mtaona nyasi tu. Akiwa nanyi mtaona vita.

Laleni Bungoma mjini. Nitasema ukweli: mji wenyewe hauna cha kutazama kwa tiketi. Kuna barabara ya malori yanayokwenda Malaba, soko, kituo cha reli kisicho na abiria, na jioni zenye watu wengi barabarani. Uzuri wake uko mezani. Tafuteni hoteli ndogo ambayo wenyeji wanajaa saa saba mchana, muagize kuku wa kienyeji, ingokho, kwa ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo. Mboga iwe mrenda au sagaa iliyolala kwenye maziwa. Msiagize haraka, kuku huyo hupikwa muda mrefu na ndio maana ana ladha. Msimu wa kumbikumbi ukiwakuta, nunueni waliokaangwa sokoni, muwatafune kama njugu.

Ikiwa mna ndugu huko, lizungumzeni kabla hamjatoka Nairobi. Shangazi akisikia mmelala gesti Bungoma bila kupita kwake, mtakuwa mmemwaibisha. Suluhu nzuri ni kumpigia simu mapema, kumwambia mtakuja siku fulani mchana, na kutimiza. Nendeni na sukari, majani ya chai na mkate, msifike na mikono mitupu. Kuku atachinjwa, hakuna kuondoka kabla hajaiva. Firigisi itawekwa kwenye sahani ya mwanamume aliyeheshimiwa siku hiyo. Kama ni wewe, bwana, ile na ushukuru. Kumkatia mkeo nusu mbele ya wazee kutawafanya wengine wacheke na wengine wanune, kwa hiyo someni boma kwanza. Salamu ya kuingilia ni “mulembe”, na mkiitamka kwa uso mkunjufu mmeshapata viti.

Njia ya Kimilili

Kutoka Bungoma kwenda Kitale magari mengi hupitia Webuye, Misikhu na Kiminini. Ni njia nzuri na ya haraka, ndiyo maana nawashauri mwache. Pandeni ya Chwele, mkashuke sokoni. Chwele ni soko kubwa la wakulima, na ulizeni mapema siku yake ya mnada, kwani tofauti ni kubwa: siku hiyo vitunguu, ndizi, kuku na viazi vinafunika mji mzima. Kisha Kimilili, Mlima Elgon ukiwa kushoto kwenu mwendo wote. Maeni, karibu na Kimilili, ndiko alikozikwa Elijah Masinde, aliyewahi kuichezea Kenya kandanda kabla ya kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa na kufungwa mara kwa mara na wakoloni, kisha na serikali ya Kenya huru pia. Mkitoka Kimilili mnashuka hadi Kamukuywa, mnaunganisha barabara kuu, na mko Kitale kabla jua halijazama. Siku nzima kwa safari ambayo dereva wa haraka angeimaliza kwa saa mbili. Hiyo ndiyo likizo.

Kitale: siku nne, na zaidi mkiweza

Kitale iko mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari, na jioni mtajua. Kabla hamjalipa chumba, fungueni bomba mhakikishe maji ya moto yanatoka, si yanaahidiwa. Ulizeni pia kama chumba kinatazama barabara au baa. Vitambulisho viwili viwe karibu. Neti iwe kitandani; Bungoma ina malaria ya kutosha, na huku juu pia msijiamini.

Siku ya kwanza fanyeni kidogo: Makumbusho ya Kitale. Yalitokana na mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu karibu maisha yake yote, akafungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926 na kuachia taifa mali hiyo alipofariki mwaka 1966. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974, la kwanza la makumbusho ya taifa nje ya Nairobi na pwani. Ndani pitieni haraka mkitaka. Nje msiwe na haraka. Nyumba za kiasili za jamii za magharibi zimejengwa uani, na nyuma yake kuna njia ya miguu kwenye kipande cha msitu wa asili kando ya mto, ambapo mnaweza kukaa kwenye kivuli mchana mzima.

Saiwa ndiyo sababu kubwa ya kuja Kitale. Ni mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kilomita za mraba zisizozidi 3, iliyotengwa mwaka 1974 kumlinda mnyama mmoja: nzohe, ambaye wengi wanamjua kama sitatunga, swala anayeishi majini. Iko kando ya barabara ya Kapenguria, kilomita ishirini na kitu kutoka Kitale. Magari hayaingii. Mnatembea kwa miguu, wawili tu kama mpendavyo, kwenye njia zinazouzunguka mkondo wa matete, na hapa na pale kuna majukwaa ya mbao ya kupanda.

Fikeni lango linapofunguliwa, na mvae buti za mpira kama mvua imenyesha. Pandeni jukwaa, mkae kimya. Dakika ishirini za kwanza hamtaona chochote ila matete na ukungu, na mmoja wenu atataka kuondoka. Msiondoke. Nzohe huwa amesimama pale pale tangu mwanzo, maji tumboni, rangi yake ya kahawia ikiwa ni ile ile ya matete makavu. Mtamgundua kwa sikio linalofukuza nzi. Akitembea mtaona miguu yake: kwato ndefu zilizopanuka, zinazomwezesha kukanyaga tope bila kuzama. Dume ana pembe zilizojisokota. Jike hana, na rangi yake inakaribia wekundu. Akishtuka huzama na kubakiza pua juu ya maji. Mkirudi msituni tazameni juu kwenye matawi yaliyo karibu na maji, huenda mkamwona kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na paji la uso la rangi ya chungwa. Mwenye darubini aje nayo. Ndege wa pale peke yao wanatosha asubuhi mbili, na mimi ningezitoa zote mbili.

Siku nyingine iwe ya mlima. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, ina lango la Chorlim, mnakofika kwa kupitia Endebess. Malipo ya hifadhi zote za Shirika la Wanyamapori (KWS) ni kwa eCitizen, si fedha taslimu, na mtandao wa simu huko juu haupatikani kila mahali; lipieni Kitale jioni iliyotangulia na mhifadhi risiti kwenye simu. Viwango hubadilika, viangalieni hapo hapo. Kodini gari dogo la kuwapeleka na kuwarudisha, mkikubaliana bei ya kutwa nzima pamoja na kusubiri. Askari wa hifadhi ni lazima mkitembea kwa miguu, na hata sheria isingelazimisha ningewaambia mmchukue, kwani ndiye anayejua nyati wamelala wapi.

Mtapanda hadi pango la Kitum. Linaingia mlimani mita kama 200, na mdomoni maji yanadondoka kama pazia jembamba. Washeni tochi muumulike ukuta. Ile mikwaruzo mirefu mnayoiona, iliyopangana kama kazi ya sururu, ni ya pembe za tembo. Kwa vizazi na vizazi wamekuwa wakiingia usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, kuchimba mwamba na kulamba chumvi yake. Siku hizi tembo ni wachache na si rahisi kuwakuta, lakini ukuta unasema yote. Kuna jambo moja la afya: mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliotembelea pango hili waliugua homa ya Marburg, na popo ndio wanaohusishwa na virusi hivyo. Tazameni eneo la mbele, msiende kwenye makundi ya popo, msishike kinyesi chao wala kugusa uso kabla ya kunawa. Mkiwa na hofu, msitu wa mipodo mikubwa nje ya pango unatosha kuwa safari kamili.

Kapenguria ni nusu siku. Gereza walimofungwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko sasa ni makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1993. Kesi yao ilianza mwishoni mwa 1952 na hukumu ikatolewa Aprili 1953. Serikali ya kikoloni ilichagua Kapenguria kwa sababu ilikuwa mbali na kila mtu. Hapakuwa na hoteli, kwa hiyo mawakili walilala Kitale na kuja kila siku kwa barabara hii hii mtakayopita. Ingieni kwenye vyumba vile mmoja mmoja, mpime upana kwa mikono. Ndipo mtakapojua ni udogo wa namna gani.

Baki ya muda iacheni bila mpango. Zungukeni soko la Kitale, nunueni maparachichi na maharagwe, onjeni maziwa ya mursik kwa mtu aliyependekezwa na mwenye gesti, laleni mchana mvua ikipiga mabati. Ikitokea mmoja amechoka na mwingine anataka kurudi Saiwa, achaneni kwa asubuhi moja. Hakuna sheria inayosema wawili waone kila kitu pamoja, na chakula cha mchana kitakuwa na habari mpya.

Kurudi

Kitale hadi Nairobi ni kilomita kama 380. Kateni tiketi ya basi la asubuhi siku moja kabla, mchague viti wenyewe. Mtapita Eldoret, halafu Timboroa, ambako reli ya Uganda hupanda zaidi ya mita 2,700, kwa hiyo sweta zisiwe kwenye buti la basi. Msirudi Jumapili: foleni ya Gilgil hadi Naivasha inaweza kula saa tatu. Jumanne ni siku nzuri. Mkiwa na usiku mmoja wa ziada, ulaleni Nakuru, ambako vyumba ni vingi na bei inazungumzika, kisha mwondoke saa tatu asubuhi, magari ya haraka yakiwa yameshapita.